Bunge limeazimia tulipwe, mbona hatulipwi?

"Serikali ilitwaa mashamba yetu kwa ajili ya mradi. Wathamini walikuja, tukajaza fomu, tukapigwa picha tumeshika vibao vya namba mbele ya minazi yetu, kisha kimya. Mbunge wetu alilisemea suala hili Dodoma. Aliporudi jimboni alisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema Bunge limeshaazimia mlipwe, kazi imekwisha. Tulipiga vigelegele. Sasa ni zaidi ya mwaka na hakuna aliyepata hata senti. Mkurugenzi wa halmashauri anasema hajapokea maelekezo yoyote. Mwenzetu mmoja anadai azimio la Bunge ni sheria, hivyo twende mahakamani tukakamate magari ya Serikali. Mwingine anasema halina nguvu kwa sababu Rais hakulisaini, na kwamba Bunge likivunjwa linakufa nalo. Tunaomba mtaalamu atueleze: azimio la Bunge linapita njia gani, na likishapita linamfunga nani?"

Poleni sana kwa kusubiri. Nikisoma barua yenu naona fidia ni nusu tu ya maumivu. Nusu ya pili ni kuambiwa kazi imekwisha kwa jina la Bunge, halafu mkifika halmashauri mnatazamwa kama watu waliokuja kusimulia ndoto. Jibu fupi ni hili: azimio la Bunge si sheria, si hukumu ya mahakama, wala si hundi. Hata hivyo lina uzito wake, na uzito huo unategemea limetokana na nini, limeandikwaje, na nani analifuatilia baada ya makofi kwisha. Na kabla ya kufika huko kuna jambo moja ambalo inaelekea hakuna aliyelihakiki kijijini: je, azimio lenyewe lipo?

Nitalirudia hilo baadaye. Kwanza tuwasuluhishe hao wenzenu wawili.

Anayesema halina nguvu kwa sababu Rais hakulisaini ameshika kweli kwa upande usio wake. Ibara ya 62 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema Bunge lina sehemu mbili: sehemu moja ni Rais, ya pili ni Wabunge. Ili kitu kiwe sheria ni lazima kipite kwa wote wawili. Muswada unasomwa, unajadiliwa, unapitishwa na Wabunge, kisha unakwenda kwa Rais kupata kibali chake kama ibara ya 97 inavyotaka. Azimio ni kauli ya Wabunge peke yao. Halipelekwi kwa Rais kusainiwa, na halisubiri saini ya mtu yeyote ili liwe azimio. Kwa hiyo kukosa saini si kasoro. Ila kwa kuwa limetoka sehemu moja tu, haliwezi kufanya kazi ambayo Katiba imeitaka ifanywe na sehemu zote mbili.

Anayesema azimio ni sheria, basi, amekosea kwa sababu hiyohiyo. Kazi ambayo ibara ya 63(2) imewapa Wabunge kwa niaba ya wananchi ni kuisimamia na kuishauri Serikali. Na ibara ya 37(1) inasema Rais yuko huru, halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba yenyewe au sheria nyingine inapomtaka afanye jambo kwa kufuata ushauri huo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoyagawa maazimio yote mnayoyasikia redioni katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni maazimio yaliyoshikizwa kwenye Katiba au sheria. Hayo yakipita, kitu kinabadilika. Kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, ibara ya 53A, iko humo: hoja ikiungwa mkono na zaidi ya nusu ya Wabunge wote, Waziri Mkuu anatakiwa ajiuzulu, na siku zake zinahesabika. Azimio la kumwondoa Rais, ibara ya 46A, nalo limo, ingawa linahitaji theluthi mbili na uchunguzi wa kamati maalumu kabla. Kuridhia mikataba ya kimataifa, ibara ya 63(3)(e), ni la aina hiyo. Mnakumbuka kelele za mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai: Bunge liliuridhia kwa azimio tarehe 10 Juni 2023, wananchi wakaenda Mahakama Kuu Mbeya, na Agosti mwaka huohuo mahakama ikaitupa kesi yao. Hifadhi ya taifa vilevile haitangazwi bila ridhaa ya Bunge, kwa sababu sheria ya hifadhi inasema hivyo. Ndiyo njia iliyopitiwa mwaka 2019 wakati sehemu ya Pori la Akiba la Selous ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hata kanuni ndogo ambazo mawaziri wanazitunga na kuzichapisha kwenye Gazeti la Serikali, Bunge linaweza kuzikataa kwa azimio zikakoma.

Fungu la pili ni maazimio yasiyoshikizwa popote. Bunge linasema "Serikali ifanye hivi", na hakuna kifungu kinachosema kitatokea nini Serikali isipofanya. La kwenu, kama lipo, ni la fungu hili.

Msikate tamaa lakini. Baadhi ya mitikisiko mikubwa kabisa ya siasa za nchi hii imetokana na fungu la pili. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Taarifa ilipowasilishwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakamfuata. Hakuna kura ya kutokuwa na imani iliyopigwa. Desemba 2013, baada ya taarifa ya kamati iliyoongozwa na James Lembeli kuhusu Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili, mawaziri 4 walipoteza nafasi zao kwa siku moja. Novemba 2014 ikaja kashfa ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, kwa taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali, ile inayoitwa PAC, chini ya Zitto Kabwe. Maazimio yalipita usiku wa majadiliano makali. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu, uteuzi wa Profesa Anna Tibaijuka ukatenguliwa, na Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo naye akaondoka.

Hapo kwenye Escrow tutulie kidogo, maana panafundisha kuliko pengine pote. Tarehe 22 Desemba 2014 Rais Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam akayapitia maazimio yale. Mengine aliyatekeleza. Mengine aliyaweka kiporo. Kuhusu majaji waliotajwa, alieleza kwamba Katiba ina njia yake ya kumshughulikia jaji, na njia hiyo haianzii bungeni. Bunge lilikuwa limesema, Rais akalisikiliza, kisha akachagua lipi atekeleze na lipi hapana. Hivyo ndivyo ibara ya 37 inavyofanya kazi hadharani.

Kinyume chake kilitokea Aprili 2019, Bunge lilipoazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG. Wengi walidhani amefukuzwa kazi siku ile. Hakufukuzwa. Namna ya kumwondoa CAG imeandikwa kwenye Katiba na Bunge si sehemu ya utaratibu huo, hivyo alibaki ofisini hadi Novemba. Azimio lile lililifunga Bunge lenyewe. Halikuigusa barua yake ya uteuzi.

Sasa njia yenyewe. Mimi nimefanya kazi ya kuandaa taarifa za kamati, kwa hiyo mnivumilie nikienda taratibu mahali ambapo kwenye televisheni panaonekana kama dakika tano.

Azimio huanza kwa mmoja wa watu watatu. Anaweza kuwa waziri, na hiyo ndiyo hali ya mikataba na hifadhi. Anaweza kuwa mwenyekiti wa kamati ya kudumu anayeleta taarifa yenye mapendekezo. Au ni mbunge wa kawaida mwenye hoja binafsi. Mlango wa tatu ndio mwembamba kuliko yote. Mbunge anaandika taarifa ya hoja yake na kuipeleka kwa Katibu wa Bunge, Spika anaipitia, na Spika anaweza kuikataa kama inavunja Kanuni za Bunge. Sababu moja ya kukataliwa ishikeni vizuri, itawahusu mbele: jambo lililoko mahakamani halijadiliwi bungeni.

Hoja ikikubaliwa, mara nyingi inapelekwa kwanza kwenye kamati. Huko hakuna kamera nyingi, na huko ndiko kazi inakofanyika. Serikali inaitwa, makatibu wakuu na wanasheria wao wanakuja na mafaili, wadau wanasikilizwa. Suala la ardhi litaangukia kamati inayosimamia ardhi na maliasili; kama anayedaiwa ni halmashauri, kuna Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC. Kisha jambo linaingia kwenye Orodha ya Shughuli za siku. Kama halimo kwenye orodha hiyo, siku hiyo halipo, hata mbunge aseme kwa sauti ya aina gani.

Likifika ukumbini, mtoa hoja anasoma maelezo yake hadi kwenye maneno ambayo yana umbo moja miaka yote: KWA KUWA hivi, NA KWA KUWA vile, HIVYO BASI Bunge linaazimia kwamba. Anamalizia, "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja." Wabunge wenzake wanasimama kuiunga mkono. Bila wa kuunga mkono, hoja inafia hapo. Ikiungwa mkono, wanaochangia wanachangia kwa dakika walizopewa, mawaziri wanajibu, mtoa hoja anahitimisha.

Katikati ya hayo ndipo vita ya vitenzi hupiganwa, na ningependa mnielewe hapa kuliko mahali pengine. Rasimu ya kwanza huwa inasema "Serikali iwalipe wananchi fidia yao ifikapo tarehe fulani". Serikali inaleta marekebisho. Tarehe inatoka, inaingia "mapema iwezekanavyo". "Iwalipe" inakuwa "ikamilishe uhakiki na kuwalipa wanaostahili". Wakati mwingine inaishia "iangalie uwezekano wa kuwalipa". Ukumbini watu wanapiga makofi yaleyale, na mbunge akirudi jimboni anasema Bunge limeazimia mlipwe. Hajadanganya sana. Lakini mtendaji wizarani anasoma kitenzi kilichoandikwa, na "kuangalia uwezekano" ni jambo analoweza kulitekeleza mwaka mzima akiwa kitini kwake.

Si woga wa Wabunge peke yake unaolegeza vitenzi hivyo. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia hoja ya kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa Rais amependekeza na waziri ameileta. Maana yake mbunge wa kawaida hawezi kusimama na azimio linaloamuru bilioni kadhaa zitoke kesho. Anaweza kushauri, kuhimiza, kutaka taarifa. Fedha hutoka kwa bajeti na Sheria ya Matumizi inayopitishwa kila mwaka. Ndiyo maana nilisema azimio si hundi. Kama fidia yenu haimo kwenye kasma, yaani kifungu cha bajeti, ya mwaka husika, hata mkurugenzi akipenda vipi hana pa kuitoa.

Mwisho Spika analihoji Bunge. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, nadhani walioafiki wameshinda. Basi. Maamuzi mengi hupita kwa sauti, kwa wingi wa waliomo, ilimradi nusu ya Wabunge wote wapo wakati wa kuamua. Kwenye Taarifa Rasmi, yaani Hansadi, mwandishi anaweka mstari mmoja kwenye mabano: Hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Mstari huo mfupi ndio cheti cha kuzaliwa cha azimio. Mkiusoma, mna azimio. Msipouona, hamna, hata kama hotuba iliyotangulia ilijaza kurasa kumi.

Sasa turudi kwenye swali nililoliacha njiani. Mbunge akisema "Bunge limeazimia", mara nyingi mno kilichotokea ni kimoja kati ya vitu vinne. Huenda alichangia hotuba ya bajeti ya wizara akalitaja suala lenu, na huo ni mchango, haukupigiwa kura. Huenda aliuliza swali na Naibu Waziri akajibu kwamba fidia italipwa, na hiyo ni ahadi ya Serikali, ambayo mimi kwa kweli naithamini kuliko watu wanavyodhani. Huenda kamati iliyochambua bajeti ya wizara iliweka suala lenu kwenye maoni na ushauri wake. Hayo yanawachanganya hata waandishi wa habari: kinachopitishwa siku ile ni makadirio ya fedha ya wizara, na maoni ya kamati hayageuki kuwa azimio kwa sababu tu yalisomwa ukumbini. Au, la nne, kamati ilileta taarifa yake ya mwaka, kwa kawaida kwenye mkutano wa Januari na Februari, au taarifa juu ya ripoti za CAG mwishoni mwa mwaka, na Bunge likahojiwa likakubali mapendekezo yake. Hilo la nne pekee ndilo azimio.

Kazi yenu ya kwanza, basi, ni kuipata Hansadi ya siku hiyo. Zimewekwa kwenye tovuti ya Bunge kwa mkutano na kikao. Mwombeni mbunge awape tarehe. Kama alisema kweli atawapa bila kununa. Au nendeni ofisi yake ya jimbo mkamwombe katibu wake nakala. Tafuteni jina la kata au la mradi, someni hadi kwenye mabano, kisha nakilini kitenzi neno kwa neno. Kikiwa na Hansadi hiyo mkononi, kijiji kitakuwa na jambo la kuuliza ambalo linaweza kujibiwa.

Tuseme mmelipata na ni azimio kweli. Nani amelishika? Bunge linalipeleka serikalini, na huko mlango ni Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa kuwa Waziri Mkuu ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni. Kutoka hapo linashushwa kwa wizara inayohusika. Mkurugenzi wenu kusema hajapokea maelekezo yawezekana ni kweli tupu, kwa maana Bunge haliandikii halmashauri moja kwa moja. Msigombane naye kwa hilo. Muulizeni jambo lililo mikononi mwake: jedwali la fidia limeidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali au bado, tarehe gani, na taasisi inayopaswa kulipa ni ipi. Nimeona watu wakimshambulia mkurugenzi wakati mdaiwa ni wakala wa Serikali aliyeko Dar es Salaam.

Ufuatiliaji bungeni unafanyika kwa Serikali kuleta taarifa ya utekelezaji. Kwa Richmond ilibidi Serikali irudi na taarifa hizo zaidi ya mara moja, na kila mara Wabunge wakahoji kilichobaki. Kwa maazimio madogo hakuna anayekumbuka isipokuwa mwenye shida. Hapa ndipo Bunge kuvunjwa kunapouma. Azimio lililopitishwa halifutiki. Liko kwenye Hansadi hata miaka 50 ijayo. Ila kamati iliyolibeba inakwisha, wajumbe wake wengine hawarudi, na Bunge jipya linaanza na mafaili yake. Kwa hiyo mwenzenu amekosea kusema linakufa, lakini asipolifufua mtu litalala.

Namna ya kulifufua zipo. Mbunge anaweza kuuliza swali la msingi na kulipigilia kwa maswali ya nyongeza: azimio la tarehe fulani lilisema hivi, limetekelezwa kwa kiasi gani, na fedha ziko kasma ipi? Anaweza kulipeleka kwenye kamati wakati wa kuchambua bajeti, na hapo ndipo mimi ningeweka nguvu zaidi, kwa sababu kati ya Aprili na Juni fedha bado zinapangwa. Na ukumbini, Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likikaa kama kamati, ikipitia fungu la wizara, anaweza kushika shilingi, yaani kuizuia, ya mshahara wa Waziri hadi apate maelezo ya kuridhisha. Watu hucheka shilingi ile moja. Waziri hacheki, kwa kuwa inamlazimu kusimama na kutamka jibu mahususi linaloingia kwenye Hansadi kwa jina lake. Kanuni zinatambua pia maombi ya wananchi yanayowasilishwa bungeni kupitia mbunge; andikeni lenu kwa ukurasa mmoja au miwili, majina na saini, tarehe, namba za vitalu, na mnachoomba. Hasira muiache nje ya karatasi.

Hata tishio la azimio huwa na nguvu yake. Aprili 2012 zilikusanywa saini za Wabunge kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Hoja haikufika mezani, kwani Katiba inataka taarifa ya siku 14 na mkutano ulikuwa unaisha. Mapema Mei Rais alipanga upya Baraza la Mawaziri na mawaziri 6 wakaachwa. Sisemi kijiji chenu kitatikisa Baraza. Nasema msipime kazi ya mbunge kwa azimio peke yake. Swali moja lililoulizwa kwa wakati wake linaweza kuleta malipo ambayo azimio halikuyaleta.

Je, mahakama? Kulipeleka azimio mahakamani ili litekelezwe, siwashauri. Jaji atauliza sheria gani imevunjwa, nanyi mtakuwa mmeshika ushauri. Lakini haki yenu ya fidia haikuzaliwa bungeni. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 kuna riba. Na kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia una uhai wa miaka 2. Ukipitwa na muda huo bila malipo, unatakiwa kurudiwa kwa bei za sasa. Hayo yana meno ambayo azimio halina. Simameni juu ya hayo, na azimio liwe ushahidi wa kuonyesha kwamba Serikali ilijua suala lenu tangu siku fulani.

Kushtaki Serikali kuna masharti yake. Notisi ya siku 90 hutangulia, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Na wazo la kukamata magari ya Serikali lifuteni kabisa: sheria ya mashauri dhidi ya Serikali hairuhusu mali yake kukamatwa na kuuzwa hata baada ya hukumu. Halafu kumbukeni ile sababu niliyowaomba muishike. Siku mtakapofungua kesi, bungeni suala linafungwa mdomo. Waziri atasema liko mahakamani na Spika atakubaliana naye. Kwa hiyo chagueni kwa mpangilio. Mimi ningeutumia mkutano mmoja wa bajeti kikamilifu, huku notisi ikiandaliwa kimyakimya.

Kuna hali ambazo hazistahili kusubiri mkutano wa bajeti wala jibu la mtu anayeandika kwa mbali kama mimi. Mkipewa hati ya kuondoka kabla ya kulipwa, majina yakianza kupotea kwenye jedwali, mkiletewa karatasi ya kusaini kwamba mmekubali kiasi fulani bila kupewa nakala, au uthamini wenu ukikaribia miaka 2, tafuteni wakili ana kwa ana wiki hiyohiyo. Msio na uwezo wa kumlipa, mnaweza kuanzia kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa wilayani kwenu chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au ofisi ya karibu ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Nendeni na fomu za uthamini, picha zile za vibao, mihutasari ya mkutano wa kijiji na nakala ya Hansadi, na mteue watu wawili au watatu wa kuzungumza kwa niaba ya wote.